Mrejesho: Vifaa vya kufumulia injini nyumbani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niliwauliza nitafute vifaa gani kabla ya kufumua injini ya Toyota yangu hapa nyumbani Malindi, na wengi mlinisihi nisiifunge tena bila spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza bolti). Nawashukuru kwa dhati, kwa kuwa bolti za silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) hukazwa kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, na mkono peke yake haupimi nguvu ya kila hatua. Cheni bloku, yaani mnyororo wa kuinulia injini, nimeikodi.

Kilichonifaa zaidi ni geji ya visahani vyembamba ya kupimia mianya midogo, tena bei yake ni ndogo: niliingiza ringi mpya (pete ya chuma inayovishwa pistoni) ndani ya silinda, nikaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, nikapima mwanya wa ncha zake, na ringi moja ncha zilikaribia kugusana, hali ambayo ringi ikitanuka kwa joto ingekwaruza silinda. Kuta za silinda nazipaka oili na kuzifunika kila jioni, maana upepo wa bahari huleta kutu upesi.

Bado natafuta kibano cha ringi, cha kuzibana ili pistoni iingie kwenye silinda. Aliye nacho Malindi au Watamu, tafadhali aniazime.