Wakili wa utetezi wa umma Ohio, nautaka ujaji wa shirikisho. Nianzie wapi?

Msukuma wa Ohio: Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Nimekulia Mwanza, sasa niko Ohio, Marekani, na uraia wa huku ninao. Tangu 2018 ni wakili wa utetezi wa umma ngazi ya kaunti, nawatetea watuhumiwa wasio na hela ya wakili. Kazi naipenda, ila mafaili yanaua. Ndoto yangu ni siku moja niwe jaji wa shirikisho. Wenzangu ofisini wanacheka, eti nihamie kwanza upande wa mashtaka nikajisafishe. Mnanishaurije?

Kanzu Nyeusi: Mkuu, hoja yao si ya kupuuza, kwa miaka mingi viti vile vimekaliwa zaidi na waliokuwa waendesha mashtaka. Lakini muangalie Jane Kelly wa Iowa. Aliingia ofisi ya utetezi ya shirikisho 1994 na kukaa humo hadi 2013, alipopanda moja kwa moja Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Nane. Kura za Seneti zilikuwa 96 kwa 0! Aliteuliwa na Obama, ila Seneta Grassley wa Republican alimuunga mkono, kwa sababu jaji ambaye Kelly aliwahi kuwa karani wake (yaani mwanasheria msaidizi wa jaji) ni rafiki wa Grassley na alimwandikia barua ya kumsifu. Hapo ndipo penye siri. Ketanji Brown Jackson naye alikuwa mtetezi wa umma wa shirikisho 2005 hadi 2007, na 2022 akaingia Mahakama ya Juu. Wewe huko kaunti, ni jaji gani wa shirikisho anayekujua? Hama kaunti uende ofisi ya utetezi ya shirikisho, usihame utetezi.

Mama Nyangoma: Tusimdanganye kijana. Jackson alisoma Harvard na akawa karani wa Jaji Breyer wa Mahakama ya Juu, si kila mtu ana CV hiyo. Halafu hii ni siasa: Rais anateua, Seneti inapitisha, na kwa ujaji wa wilaya (mahakama za shirikisho zinazosikiliza kesi mwanzo) maseneta wa jimbo lako wasiporudisha ile karatasi ya bluu ya kuonyesha wanakukubali, jina lako kwa kawaida linaishia hapo.

Kanzu Nyeusi: Kweli dada, sibishi.

Bwana Faili: Mbona hamjamtajia uhakimu wa shirikisho (magistrate judge), ngazi iliyo chini ya jaji wa wilaya? Mahakimu wale hawapiti kwa Rais wala Seneti. Nafasi inatangazwa, jopo linachuja waombaji, kisha majaji wa wilaya wenyewe wanapiga kura. Muhula ni miaka 8, na sheria inataka uwe umekuwa wakili angalau miaka 5. Wapo waliopandia hapo hadi ujaji wa maisha. Mimi ningeanzia huko.

Msukuma wa Ohio: Asanteni sana. Miaka 5 nimeshaivuka. Ila hakimu si ndiye anayeamua dhamana na kutia saini vibali vya upekuzi? Mtetezi wataniamini kweli?

Bwana Faili: Ndiye. Ndiyo maana jopo litauliza ukoje na wale wa mashtaka. Unawapigania wateja wako bila kutukanana nao? Basi hata wao watakusemea vizuri.

Mama Nyangoma: Na ukifika ngazi ya Seneti, kuna dodoso refu linalotaka kila ulichowahi kuchapisha na hotuba zako zote. Anza kuzihifadhi leo.