Boti ya mfano ya kuonyesha kuelea: dumu, povu au mti?

MwlMikindani
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia kidato cha kwanza hapa Mikindani, wiki ijayo tunaingia mada ya kuelea. Beseni kubwa ninalo. Nataka chombo cha urefu kama sentimita 30 kionyeshe mambo mawili: kwa nini kinaelea, na kwa nini wakati mwingine kinapinduka. Nawaza dumu la mafuta ya kula la lita 5 lililokatwa ubavuni, au povu jeupe la boksi la samaki, au nichonge mtumbwi wa mwembe. Mwaka jana nilitumia povu. Watoto walifurahi sana, na hakuna aliyejifunza kitu.

Korosho_Newala
Povu, mwalimu. Wembe mmoja, robo saa kazi imekwisha. Ila gundi ya viatu usiipeleke karibu, inalila linabaki mashimo matupu.

Fundi_Kivinje
Korosho, mwenzio kashasema povu halikufundisha, nawe unamrudisha huko huko. Ubaya wa povu ni kwamba halizami. Litoboe, lijaze maji, lipindue, bado liko juu. Mtoto atatoka darasani akiamini vitu vinaelea kwa sababu ni vyepesi, basi. Kesho akiiona meli ya chuma bandarini Mtwara inapakia korosho, atachanganyikiwa.

Mti nao ni yale yale, isipokuwa mpingo. Omba kipande kwa wachongaji, kitie kwenye beseni: kinakwenda chini kama jiwe. Kiwe kichekesho cha kufungulia kipindi. Kisha chukua kipande cha bati, kikunje kiwe tonge, kinazama. Kikunjue, kipandishe kingo kama sinia, kinaelea. Bati ni lile lile. Chombo chenyewe fanya dumu.

BahariaMstaafu
Fundi kasema kweli. Dumu linapitisha mwanga, kwa hiyo piga mistari ya kalamu ubavuni kila sentimita moja. Tuseme urefu 30, upana 12, limezama 3. Hiyo ni sentimita za ujazo 1,080, yaani gramu 1,080 za maji yaliyosukumwa. Litoe, lipeleke na mzigo wake kwenye mizani ya dukani: utakuta kilo moja na gramu themanini hivi. Kanuni ya Akimedi yote ni hiyo: kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake.

Kupinduka sasa. Kwa chombo cha umbo la boksi, zidisha upana kwa upana, gawanya kwa 12, gawanya tena kwa kina kilichozama. Hapa unapata 4. Ongeza nusu ya kina, 1.5, inakuwa 5.5 kutoka chini. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya hapo, chombo ukikiinamisha kinajirudi. Kikipita, kinalala. Upana ukiwa 6 na kina kile kile, unabaki na 2.5 tu.

Korosho_Newala
Kumbe matengo ya ngalawa, yale mabawa ya pembeni, ni hesabu!

Fundi_Kivinje
Babu yangu hakugawanya kwa 12, lakini alijua gogo jembamba peke yake litamwaga watu. Matengo yanaupanua mkao wake majini bila kutafuta mti mnene zaidi.

Mwalimu, onyesha na farumi, yaani uzito unaowekwa chini ili chombo kitulie. Weka kokoto sakafuni mwa dumu, soma mstari wa maji. Kisha zile zile zipandishe juu ya kopo la maziwa lililosimama humo ndani. Mstari hausogei, uzito haujabadilika, ila chombo sasa kinakwenda mrama. Hapo waache wabishane, usiwape jibu upesi.

BintiShangani
Shikamooni. Na kuonyesha kwamba maji ya bahari yanabeba zaidi, dumu litafaa?

BahariaMstaafu
Marahaba mwanangu. Halitafaa. Bahari ni nzito kuliko maji baridi kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo ile 3 itakuwa 2.93. Nani ataiona? Tumia mrija wa soda, ziba ncha kwa udongo wa mfinyanzi usimame wima. Ukizama sentimita 10 kwenye maji ya kisima, baharini utapanda milimita mbili na ushee. Hiyo wataiona.

Halafu mwalimu, usiache maji ya ngama, yale yanayojikusanya ndani sakafuni mwa chombo. Mimina glasi moja ndani ya dumu yatandae. Yanakimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito. Ukiweka ukuta mmoja katikati, kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, madhara yanashuka hadi robo.

MwlMikindani
Nimejaribu usiku huu huu. Kokoto zikiwa sakafuni, nililiinamisha dumu kwa kidole hadi ukingo ukakaribia maji, likajirudi. Juu ya kopo, halikungoja kidole.

Ya maji ilinisumbua. Kokoto zikiwa chini kabisa, glasi ile haikufanya kitu. Nikaziinua juu ya kibao, kama sentimita 3, nikamimina tena: likalala ubavu. Nikabandika ukuta wa plastiki kwa nta ya mshumaa, likasimama, japo linalegalega. Kwa hiyo ni dumu, na mpingo wa kufungulia kipindi. Kilichobaki ni beseni: mama watoto anafua alfajiri, na kokoto zimo bado.