Fukushima: ilikuwa sahihi kuwahamisha watu, au wangebaki ndani?

Mchambuzi wa Kilwa
Wakuu, kila tukigusia kile kinu cha nyuklia kilichopendekezwa kujengwa Uyombo, Kilifi, mtu hutaja Fukushima na mjadala unaishia hapo. Leo tuutazame mkasa wenyewe. Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana kwa saa za Japani, lilipiga tetemeko la ukubwa wa 9.0. Haikupita saa nzima, tsunami ikavuka ukuta wa kinu cha nyuklia cha Fukushima. Saa 3:23 usiku serikali ikaamuru walio ndani ya kilomita 3 wahame. Alfajiri ikawa kilomita 10, na jioni ya tarehe 12 ikawa 20. Hakuna mkazi aliyethibitika kufa kwa mionzi. Lakini vifo vilivyohesabiwa mkoani Fukushima kuwa vimetokana na misukosuko ya baada ya maafa, hasa kuhamahama, vimepita 2,300. Ni vingi kuliko waliouawa na tetemeko na maji mkoani humo. Je, amri ya kuhama haikuwa na madhara kuliko kinu? Mimi naona woga ndio ulioamua.

Fundi Umeme
Mkuu, "woga ndio ulioamua" siikubali hata kidogo. Usiku ule waliokuwa chumba cha kuongozea mitambo walikuwa gizani. Jenereta nyingi za dharura zilikuwa kwenye vyumba vya chini vya majengo ya tabaini, zikazama, na mbao za kugawia umeme zikazama nazo. Geji nyingi zilizima. Wafanyakazi walichomoa betri za magari wakaziunga kwenye vipimo ili wapate japo namba moja. Geji ya kinu namba 1 ilipowaka ikaonyesha maji yako juu ya fueli, kumbe fueli ilikuwa imeshakauka na inayeyuka. Uamuzi ulifanywa kwa geji ya namna hiyo.

Kuzima kinu hakuondoi joto. Namba 1 ilikuwa na nguvu ya joto ya megawati 1,380. Saa kadhaa baada ya kuzimwa, asilimia moja tu inayobaki ni karibu megawati 14 zinazochemsha maji bila pampu ya kuyarudisha. Maji yakishuka, zirkoniamu iliyofunika fueli hushikana na mvuke na kutoa haidrojeni. Ilikusanyika ghorofa ya juu ikalipuka tarehe 12 saa 9:36 alasiri, na mlipuko ukaharibu hata kebo ya gari la jenereta iliyokuwa imetandazwa kwa taabu. Amri ya kilomita 20 ilikuja baada ya hapo, saa 12:25 jioni. Wewe ungewaambia watu wakae?

Nesi wa Zamu
Fundi, umetetea kinu. Mleta mada kauliza habari za watu. Mgonjwa wa kitandani hahamishwi kama gunia. Anahitaji dripu, mrija wa chakula, kugeuzwa kila saa mbili, oksijeni, na muuguzi anayejua historia yake. Hospitali ya Futaba pale Okuma wagonjwa walipakiwa kwenye mabasi ya kawaida, wakakaa saa nyingi barabarani, wakashushwa kwenye ukumbi wa shule usio na vitanda wala rekodi zao. Makumi walifariki, wengine njiani, wengine walipofika au siku zilizofuata. Wengi waliishiwa maji mwilini na kupigwa baridi. Hawakufa kwa mionzi.

Linganisha na nyumba ya wazee ya Iitate, karibu kilomita 40 kutoka kinuni. Kijiji kizima kiliamriwa kuhama tarehe 22 Aprili, lakini nyumba ile iliruhusiwa kubaki, wafanyakazi wakija kwa zamu kutoka nje. Jengo la zege, madirisha yamefungwa, vipimo vinachukuliwa ndani na nje. Hilo linawezekana. Na kama serikali ingegawa vidonge vya iodini siku ya kwanza, watu wangetulia majumbani.

Dozi Sahihi
Hapo kwenye iodini, dada, naomba nikuzuie. Mtu akisoma hivyo ataelewa kwamba kidonge ni kinga ya mionzi. Hakizuii miale inayotoka ardhini, hakigusi sisiamu inayotoa mionzi, hakisaidii mapafu wala uboho. Kazi yake ni moja: kuijaza tezi ya shingo iodini safi ili iodini 131, ile ya mionzi inayotoka kinuni, ikifika ikose nafasi.

Dozi za Shirika la Afya Duniani za iodidi ya potasiamu: mtu mzima na mtoto wa zaidi ya miaka 12, miligramu 130. Miaka 3 hadi 12, miligramu 65. Mwezi mmoja hadi miaka 3, miligramu 32. Kichanga wa chini ya mwezi, 16, mara moja tu, kwa sababu dozi ikirudiwa tezi yake inaweza kuzimika wakati ubongo bado unaitegemea. Muda nao ni sehemu ya dozi. Kinywewe ndani ya saa 24 kabla ya wingu la mionzi kufika, au saa mbili baada ya kuanza kulivuta. Hadi saa nane tangu uanze kulivuta bado kinafaa. Kikinywewa siku nzima baadaye kinaweza kudhuru kuliko kufaa, maana kinaifungia ndani ile iodini mbaya isitoke. Aliye juu ya miaka 40 faida yake ni ndogo mno. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha ndio wa kwanza.

Kwa hiyo kugawa "siku ya kwanza" wingu halijatoka, watu wakameza, halafu tarehe 15 likatoka kubwa kuliko yote, wangebaki bila kinga.

Pwani Yetu
Mleta mada umeanza kwa kututaja sisi wa Kilifi kama waoga. Samahani kaka, anayevua samaki kwenye vijito vya Uyombo ana haki ya kuuliza. Na haya mambo ya dozi ni kuwatia watu kiwewe. Chumvi tunayokula ina iodini tayari, tunaila kila siku. Vidonge vya nini?

Dozi Sahihi
Twende kwa hesabu. Kidonge cha miligramu 130 kina kama miligramu 100 za iodini yenyewe. Chukua chumvi yenye miligramu 40 kwa kilo. Utahitaji kilo mbili na nusu za chumvi kwa mkupuo mmoja. Chumvi hiyo itakuua kabla ya wingu lolote kufika. China walikurupuka hivyo hivyo katikati ya Machi 2011, chumvi ikaisha madukani kwa uvumi wa simu.

Japani kwenyewe watu walianza kunywa dawa za iodini za kusukutulia koo na za kupaka vidonda, mpaka taasisi ya utafiti wa mionzi ikatoa onyo. Dawa zile zina viambato visivyofaa kumezwa, na iodini yake haitoshi. Chumvi ya mezani inazuia rovu, basi.

Mpenda Takwimu
Kuna nchi iliyogawa na ikafaulu. Poland, 1986, baada ya Chernobyl. Nadhani ni watoto milioni tano hivi?

Dozi Sahihi
Zaidi ya milioni 10, na watu wazima kama milioni 7 juu yake. Walitumia iodini ya maji, wakaanza siku tatu baada ya mlipuko, wakazuia pia maziwa mabichi kwa watoto. Hilo la maziwa watu hulisahau. Ukraine na Belarusi iodini 131 iliingia kwa watoto zaidi kupitia maziwa: majani, ng'ombe, kikombe. Fukushima, mji wa Miharu uligawa vidonge tarehe 15 kwa uamuzi wake wenyewe, bila kusubiri amri kutoka juu. Walitazama upepo na mvua, wakachagua saa. Nawaheshimu sana.

Pwani Yetu
Mnasema watu wanakurupuka, wanavumisha, wanakunywa dawa ya vidonda. Hamsemi kwa nini. Aprili 2011 wizara ya elimu ya Japani iliruhusu watoto wacheze kwenye viwanja vya shule vyenye hadi mikrosiverti 3.8 kwa saa (siverti ni kipimo cha dozi ya mionzi). Profesa Toshiso Kosako, mshauri wa serikali yenyewe, alijiuzulu huku analia mbele ya kamera. Huyo naye ni mjinga wa chumvi?

Mpenda Takwimu
Hakuna aliyekuita mjinga, ndugu. Ile 3.8 ilikokotolewa hivi: mtoto yuko nje saa 8, ndani saa 16, na nyumba ya mbao inapitisha asilimia 40 ya miale. Kwa hiyo 8 ujumlishe na 16 mara 0.4, unapata 14.4. Zidisha kwa 3.8, halafu kwa siku 365, gawa kwa 1,000 kutoka mikro kwenda milli, zinakuja millisiverti 20 kwa mwaka. Hesabu ni safi. Kosa liko kwenye ile 20 yenyewe: kikomo cha kawaida kwa raia ni 1, na 20 ni wastani wa mwaka unaoruhusiwa kwa mfanyakazi wa mionzi aliyeajiriwa na anayevaa kipimo. Kumpa mtoto wa chekechea kikomo hicho ndicho kilichowachoma wazazi. Hesabu ile ile kwa millisiverti 1 inatoa mikrosiverti 0.19 kwa saa, ongeza 0.04 ya asili, ndiyo ile 0.23 iliyotumika baadaye kuamua wapi pasafishwe, kwa kukwangua sentimita 5 za udongo wa juu.

Lishe ya Watoto
Na maji? Tarehe 22 Machi mtambo wa maji wa Kanamachi, Tokyo, ulikutwa na bekereli 210 (kipimo cha wingi wa mionzi) za iodini 131 kwa kilo ya maji. Kikomo cha mtu mzima kilikuwa 300, cha kichanga 100. Ndani ya saa chache baada ya kutangazwa, maji ya chupa yaliisha madukani, wakiyanunua hata wasio na watoto, ikabidi jiji ligawe chupa tatu ndogo kwa kila kichanga. Watu wakaanza kuchemsha. Kuchemsha hakuondoi iodini. Maji yanapungua kwa mvuke, iodini inabaki, kikombe kinakuwa kikali zaidi. Cha kufanya ni kutumia maji yaliyohifadhiwa kabla ya mvua iliyoishusha iodini hiyo, au ya chupa, kwa maziwa ya kopo tu. Kuoga na kufua hakuna shida. Na kama hakuna maji mengine, kichanga anyweshwe hayo hayo, maana kiu inaua haraka. Kufikia tarehe 24 yalikuwa chini ya 100.

Mchambuzi wa Kilwa
Tumefika Tokyo kwenye maziwa ya kopo. Swali langu lilikuwa kuhama au kubaki.

Nesi wa Zamu
Kubaki kuna masharti. Kati ya kilomita 20 na 30 watu waliambiwa tarehe 15 wajifungie ndani. Malori yakakataa kuingia mji wa Minamisoma, petroli ikaisha, maduka yakawa tupu, hadi meya Katsunobu Sakurai akarekodi video kuiomba dunia msaada. Kujifungia ni kwa siku mbili au tatu, wingu lipite. Ukitoka na kurudi, vua nguo za juu mlangoni, zifungwe kwenye mfuko. Hapo unaondoa sehemu kubwa ya vumbi. Osha nywele kwa shampuu, usipake losheni ya kulainisha, inalinasa vumbi.

Fundi Umeme
Na kuhama nako kuna mwelekeo. Watu wa Namie walikimbilia Tsushima, kaskazini magharibi, kwa kudhani umbali unatosha. Wingu la tarehe 15 likaelekea huko huko, mvua na theluji zikalishusha. Mfumo wa kompyuta wa SPEEDI ulikuwa umeshakokotoa upepo siku zile zile. Umma ulionyeshwa ramani ya kwanza tarehe 23 Machi. Hilo silisamehi.

Pwani Yetu
Basi nijibuni moja tu. Vidonge vingekaa wapi, wilayani?

Dozi Sahihi
Hapana. Japani sasa huwagawia mapema walio ndani ya kilomita 5, kila nyumba inakaa navyo, baada ya maelezo na maswali kuhusu mzio na ugonjwa wa tezi. Vihifadhiwe pakavu, mbali na jua, ndani ya pakiti yake, na vibadilishwe muda wake ukiisha. Vya watoto wachanga viwe vya maji au vya unga. Kukata kidonge kwa wembe usiku, umeme umekatika, hakutoi miligramu 16.