Kongo na hela mbili mfukoni: dola ipigwe marufuku?

Mleta mada: Wakuu habari za jioni. Napeleka mzigo Lubumbashi kutoka Kariakoo miaka kadhaa sasa na hili jambo linanikaa rohoni. Kule unatembea na hela mbili, nyanya na vocha unalipa faranga, ila kodi ya nyumba, kiwanja, gari, yote dola. Sisi Tanzania Machi 2025 zilitoka kanuni kwamba bidhaa na huduma za ndani zisitajiwe bei kwa fedha za kigeni, na nasikia wengi wanasema Kongo nao wafanye hivyo hivyo. Mimi nasema hapana.

Hawa watu wametoka mbali jamani. Mwanzoni mwa 1993 rais wao Mobutu aliwalipa wanajeshi kwa noti za milioni 5 za zaire, hela yao ya wakati huo, wafanyabiashara wakazigomea, Kinshasa ikawa vurugu watu wakafa. Mwaka huohuo ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, watu wa jimbo la Kasai wakaikataa kabisa wakaendelea na noti zao kuukuu, yani nchi moja hela mbili hata kabla hujahesabu dola. 1998 ikaja faranga, moja kwa zaire mpya laki moja. Mtu aliyeona akiba yake inageuka makaratasi namna hiyo unamwambiaje aachie dola? Na marufuku ilishajaribiwa, rais Kabila mzee alikataza 1999, watu wakaendelea kwa kujificha mpaka mwanae aliyemrithi alipokuja kuruhusu 2001.

Wa Tunduma: Mkuu historia nimeielewa ila bado sikubaliani na wewe. Hapa kwetu kwacha na shilingi zote zinapita kwasababu ukivuka tu uko Nakonde, Zambia, hayo ni mambo ya mpakani. Nchi nzima kuweka akiba kwa hela ya Marekani ni kitu kingine kabisa, benki kuu yao haichapi dola, sasa siku mabenki yakikwama itawasaidia na nini?

Wa Zambia ila Mbongo: Waulizeni Zimbabwe, 2009 walikimbilia dola, 2019 wakaikataza, 2020 wakairuhusu tena, 2024 wakaleta hela yao mpya ZiG na dola bado ipo. Amri haileti imani.

Mwalimu, L'shi (Lubumbashi): Banduku, mimi ndiye niko ndani ya hiyo mambo. Mshahara inaingia kwa faranga, mwenye nyumba anataka dola. Kila mwisho wa mwezi naenda kwa kambisti, mwenye kubadilisha hela, pale barabarani, meza yake imejaa mafungu ya noti za 500 amefunga na rababendi, na taux, yani bei ya dola kwa faranga, ikipanda nyumba inapanda ila mshahara inabaki palepale. Siku moja nilibeba noti ya dola 50, pembeni imechanika kidogo tu kama ukucha wa mtoto, mwenye nyumba akaikataa, duka mbili zikaikataa, kambisti akanipa faranga za dola 45. Tano imeenda hivyo. Na faranga yetu imeoza, imebandikwa skochi katikati, hiyo inapita bila shida!

Mleta mada: Mwalimu hiyo tano imeniuma kama ni yangu. Kweli mimi nauza kwa dola na kununua kwa dola, hilo joto silipati. Basi niseme hivi, akiba ya mtu iachwe ikae kwa dola anavyotaka, lakini anayelipwa faranga mkataba wake wa nyumba uandikwe kwa faranga, na hilo lisimamiwe kweli. Hapo ndo pa kuanzia, sio sokoni.

Wa Tunduma: Na faranga ikianguka katikati ya mkataba? Mwenye nyumba naye ana watoto.

Mleta mada: Mkataba uwe wa miezi sita, wapatane upya. Sasa hivi anayebeba hasara yote ni mwalimu peke yake, angalau wagawane.

Mwalimu, L'shi: Miezi sita nakubali. Hata mitatu.