Mgonjwa wa saratani anywe mitishamba akiwa kwenye kemo (tiba ya dawa za kuua seli za saratani)?

Naomba tulijadili hili bila kutukanana. Wapo wanaosema daktari anayekataza mitishamba analinda biashara ya viwanda vya dawa. Wengine wanasema mitishamba yote ni ujinga. Mimi nawapinga wote.

Vinkristini, inayotumika kutibu saratani ya damu ya watoto, inatokana na Catharanthus roseus, ua lenye asili ya Madagaska. Paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, ilianzia kwenye magome ya mti uitwao Pacific yew, yaliyokusanywa Marekani mwaka 1962. Iliidhinishwa 1992. Miaka 30! Sehemu ya kazi ilikuwa kujua dawa inafanyaje kazi na apewe nani, kiasi gani. Na miti ya jamii hiyo ina sumu inayoweza kusimamisha moyo.

Ninachokiogopa ni mgonjwa kumficha daktari mitishamba anayokunywa. Irinotekani, dawa ya saratani ya utumbo mpana, chimbuko lake ni mti wa China. Mgonjwa akiitumia huku anakunywa Hypericum perforatum, mmea ambao wengi huutumia kupunguza huzuni, kiwango cha dawa inayofanya kazi mwilini kinashuka. Mmea unaudhoofisha mmea mwenzake, na daktari asiyejua atadhani saratani imekuwa sugu.

Mchangiaji: Tunaficha kwa sababu tunafokewa. Mama alitaja tangawizi anayokunywa kwa ajili ya kichefuchefu, akasemwa mbele za watu. Tangu siku ile hakusema tena chochote, na mimi niliyekuwa nimempeleka nilinyamaza pia.

Mwanzisha mada: Pole sana. Hapo umenirekebisha, maana nilikuwa nawatupia lawama wagonjwa peke yao. Swali la "unakunywa nini kingine nyumbani?" liulizwe kila kabla ya dripu, na anayeuliza asikunje uso.

Ila ndugu nasi tuna letu. Mgonjwa analia usiku kucha, sisi tunamkatalia mofini, dawa ya maumivu makali, eti atakuwa teja, kisha tunamchemshia majani. Mofini hutoka kwenye utomvu wa mpopi, mmea wa afyuni! Kwa maumivu makali ya saratani sijaona majani ya sufuriani yanayoikaribia.

Mliouguza, nijibuni: mofini ilipotajwa, aliyeikataa alikuwa mgonjwa mwenyewe, au ni nyinyi mliokuwa mmekaa pembeni ya kitanda?