Naombeni ushauri: paka wangu anarukia wavu wa dirisha

Wakuu habari zenu, naishi ghorofani na nina paka wawili, sasa huyu mdogo akiona ndege tu nje anarukia wavu wa dirisha ananing'inia na kucha, na wavu wenyewe ni huu laini wa mbu, umeshikiliwa na kampira tu kwenye fremu na kona moja imeshaanza kuchomoka. Nikifunga madirisha joto linatumaliza. Grili nazo hazisaidii, paka kichwa kikipita na mwili unapita. Nawaza kuweka wavu wa chuma kisichoshika kutu, fremu ifungwe kwa skrubu. Waliowahi kuweka, matundu yawe na ukubwa gani ili kucha zisinase na hewa ipite? Nisaidieni jamani, nalala roho juu.