Sarafu ya Kilwa kwa pauni 180: ninunue au natapeliwa?

Binti_Masoko
Habari zenu wadau. Mimi mzaliwa wa Kilwa Masoko, sasa niko Leicester, muuguzi wa zamu za usiku, ndiyo maana naandika saa tisa hii. Baba anatimiza miaka 70 mwezi ujao. Tangu tukiwa wadogo anatuhadithia walivyokuwa wakiokota visarafu vya shaba ufukweni Kilwa Kisiwani mvua kubwa ikishapita, wakavifanya kete za bao. Nataka nimpe kimoja.

Nimekiona mtandaoni: "Sultani al-Hasan bin Sulaiman, shaba, imepigwa Kilwa, mwaka 715 Hijria umeandikwa, ina cheti." Pauni 180. Muuzaji ana sifa asilimia 100. Anasema atanipunguzia hadi 150 nikimtumia hela kwa njia ya rafiki na familia, ili asikatwe ada. Picha zipo mbili tu, mbele na nyuma. Kijani chake kimekolea, kinapendeza kweli. Nishaurini kabla sijabonyeza.

Kipepeo77
Asilimia 100 ya vitu vingapi, dada? Fungua usome alichouza. Mimi niliuziwa "fedha ya Mamluki", wale watawala wa Misri wa zamani, na mtu mwenye maoni mazuri arobaini. Nilipokuja kuhesabu baadaye, karibu yote yalikuwa ya vifuniko vya simu. Hela yangu sikuiona tena, maana na mimi nililipa hivyo hivyo, kirafiki.

Sonara_Mstaafu
Salaam mwanangu. Mimi wa Unguja, nimekaa Muscat miaka mingi kwenye kazi ya dhahabu, na hivi visarafu ndio ugonjwa wangu. Huyo Kipepeo kasema kweli: ukilipa kirafiki umetoa zawadi, na zawadi haidaiwi.

Sasa tuje kwenye sarafu. Cheti weka pembeni, kila mwenye printa anacho. Soma tangazo lenyewe. Shaba za Kilwa hazina mwaka, wala hazitaji mji zilikopigwa. Zina vina! Upande mmoja jina la sultani na baba yake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande mbili zinaitikiana mwishoni kama mishororo ya utenzi: huku Sulaiman, kule sifa ya Mwenyezi Mungu inayoishia kwa sauti hiyo hiyo. Al-Hasan huyu ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331, na tarehe za utawala wake ziko kila mahali. Nadhani muuzaji kachukua huo mwaka huko, akaubandika kwenye shaba. Mwulize swali moja kwa adabu: huo 715 umeandikwa wapi? Ngoja jibu lake.

Pili, dai picha ya ukingo, na uzito kwa gramu. Uzito wa shaba hizi unayumba sana, kwa hiyo peke yake hauhukumu. Ingekuwa dinari ya Fatimiya, yaani sarafu ya dhahabu ya watawala wa Misri wa kale, kama zile zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, ningeanza na mizani: ile inatakiwa gramu nne na kitu. Lakini ukingo unasema mengi. Sarafu ya kugongwa kwa nyundo hupasuka kidogo pembeni, madini yakikimbia pigo. Ya kusubu kwenye kalibu huwa na mshono uliopigwa tupa, vitundu vya mapovu, na herufi zilizolegea kama maandishi ya kipande cha sabuni kilichokwisha tumika. Halafu pitia matangazo yake mengine. Ukikuta sarafu "tofauti" zenye pengo lile lile mahali pale pale, ujue mama yao mmoja, zimetoka kalibu moja. Na kijani kilichopakwa hutoka kwa pamba yenye asetoni, ile mnayofutia rangi ya kucha. Cha umri hakitoki.

Nikwambie pia kwamba shaba za Kilwa si adimu. Zimefukuliwa kwa maelfu. Moja ilikutwa Great Zimbabwe, tano ziliokotwa kisiwa cha Marchinbar, Australia, mwaka 1944, na tangu hapo wauzaji hawachoki kuisimulia hiyo ya Australia. Akianza kukuhadithia, ongeza macho.

Mtu_wa_Pwani
Mzee umegusa yote ila moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kutoa vitu hivi Tanzania bila kibali. Dada, mwulize ilitokaje. Kama ni ya mkusanyiko wa zamani, risiti au katalogi ya mnada iwepo. Kama imefukuliwa juzi, utakuwa unamlipa anayetoboa magofu ya kwenu.

Binti_Masoko
Nimerudi. Nilimwuliza mwaka uko wapi, akajibu "pembeni, umefutika". Nikaomba picha ya ukingo. Kimya siku mbili, kisha tangazo limerudi kwa bei ya 90, neno "umeandikwa" halipo tena. Nimemwacha.

Nimepata nyingine kwa muuza sarafu mwenye duka London. Kaweka uzito, picha nne, risiti ya mnada wa miaka ya tisini, na siku 14 za kurudisha. Imechakaa, "Sulaiman" yenyewe inasomeka nusu, na tangazo limesema hivyo hivyo. Nikampigia baba kwa video, nikamwonyesha picha kijanja, sikusema ya nini. Akasema, "Mbona ndogo hiyo? Zetu zilikuwa kubwa."

Sonara_Mstaafu
Yeye ndiye aliyekuwa mdogo. Ikifika, ipime mwenyewe uniandikie gramu zake.